Nyota Tatu na Mfuko Mmoja

Jina Samsung, kwa Kikorea, maana yake ni nyota tatu. Nalitaja hilo kwa sababu maneno ndiyo kazi yangu. Lakini katika maisha ya marehemu Lee Byung-chul, mwasisi wa kampuni hiyo, kilichonishughulisha zaidi ni mfuko wake.

Alizaliwa mwaka wa 1910 huko Uiryeong, kusini mwa Korea. Alikwenda kusoma Waseda, Tokyo, asimalize. Akafungua kinu cha kukoboa mpunga mjini Masan na kununua mashamba kwa fedha za benki. Vita vya Japani na China vilipozuka mwaka wa 1937, benki ilifumba mkono naye akafilisika. Mwaka uliofuata alianza upya mjini Daegu, akiuza Manchuria samaki wakavu na matunda. Nionavyo mimi, hapo ndipo alipojifunza kutomtegemea mkopeshaji mmoja.

Biashara ikazaa biashara: sukari mwaka wa 1953, kisha sufu. Hisa zake za mabenki zilitwaliwa na utawala wa Park Chung-hee. Mwaka wa 1963 akanunua kampuni ya bima, ambayo hupokea ada leo na kulipa fidia baada ya miaka mingi. Kampuni ya elektroniki ilifuata mwaka wa 1969.

Mwaka wa 1983, akiwa na umri wa miaka 73, alitangaza kwamba angeunda chipu za kumbukumbu za kompyuta. Kiwanda cha aina hiyo hakijengwi mara moja kikaisha. Kabla hakijarudisha gharama, mitambo yake imekwisha kupitwa na wakati. Fedha zilitoka kwa kampuni ndugu zilizodhaminiana, na kwa mabenki yaliyoitii serikali. Bei zilipoporomoka mwaka wa 1985, hasara ilikuwa kubwa, walakini ujenzi haukusimama. Lee alifariki Novemba 1987. Faida ya chipu ikaja mwaka uliofuata.

Wapo wanaousifu ujasiri wake. Sikatai, ila aliyebeba hatari hiyo pamoja naye ni Mkorea aliyeweka akiba benki, na huyo hakuulizwa. Ilibidi msukosuko wa 1997 utokee ndipo serikali ikapiga marufuku dhamana mpya za namna hiyo, mwaka wa 1998.

Siku hizi Samsung Electronics hujigharimia hasa kwa faida yake yenyewe. Mwaka wa 2022 iliwekeza won trilioni 53.1. Soko lilipozorota mwaka wa 2023 haikupunguza kiasi hicho. Ilikopa won trilioni 20, kwa riba ya asilimia 4.6, kutoka kwa Samsung Display, kampuni yake tanzu.