Gary Gygax: Fundi viatu aliyeuwekea upanga wa kichawi bei

KAMA ulitazama Stranger Things, huwezi kumsahau Vecna. Kumbe jina hilo ni la zamani kuliko vijana wote walioigiza humo.

Lilitokea mara ya kwanza 1976 katika kitabu cha mchezo wa Dungeons & Dragons, na wakati huo halikuwa jina la zimwi la kupigana nalo. Vecna alikuwa mchawi aliyekufa kitambo, akaacha vitu viwili tu: mkono wake na jicho lake. Ukiupata mkono unapata nguvu za kutisha, lakini kwanza mhusika wako akate mkono wake mwenyewe ndipo aupachike ule wa Vecna. Jicho nalo ni vivyo hivyo, ng'oa lako kwanza.

Kitabu hicho kiliandikwa na Brian Blume pamoja na jamaa aliyeitwa Gary Gygax. Huyu Gygax ndiye aliyewazoesha wachezaji kuuliza swali moja kila wanapookota kitu kinachong'aa: je, kitanigharimu nini?

Alizaliwa Chicago, Marekani, Julai 27, 1938. Baba yake alikuwa mhamiaji kutoka Uswisi aliyepiga fidla. Gary akiwa mdogo, familia ilihamia mji mdogo wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin. Shule ya upili hakuimaliza, ila vitabu vya hadithi za mapanga na wachawi alivisoma kama chakula.

Alipokuwa mtu mzima alifanya kazi ya bima Chicago, na usiku akaumalizia kwenye michezo ya vita ya mezani. Mnamo 1970 akapigwa kalamu. Akiwa na mke na watoto wa kulisha, akajifunza kushona viatu na kufungua karakana katika chumba cha chini cha nyumba yake.

Mwishoni mwa 1972, kijana kutoka Minnesota, Dave Arneson, alimtembelea na kumwonyesha mchezo wake mpya. Badala ya kuongoza jeshi zima, kila mchezaji alikuwa na mhusika mmoja tu, na mhusika huyo alikua kutoka kikao kimoja hadi kingine. Msimulizi anaeleza mlipo na mnachokiona, nyinyi mnasema mnafanya nini, dadu zinaamua.

Gygax hakulala. Aliandika kanuni zake, akachora ngome yenye mashimo chini yake, na watu wa kwanza kuingia humo walikuwa watoto wake wawili, Ernie na Elise. Waliua wadudu wakubwa, wakapata sanduku la hazina. Ndani mlikuwa na sarafu 3,000 za shaba, nzito mno kubebeka! Watoto walikasirika kwelikweli.

Hapo ndipo unapoona akili ya huyu mzee. Hazina kwake haikuwa zawadi tu, ilikuwa tatizo jipya. Mchezo ulipochapishwa Januari 1974, nakala 1,000 zilizofungashwa kwa mkono, orodha ya vifaa vya kichawi ilikuwa na mfuko unaomeza mali nyingi bila kulemea mgongo. Walioteseka na sanduku la shaba wanajua thamani ya mfuko kama huo.

Orodha hiyo ilikuwa na mengine mengi: viatu vya kuruka, kofia za kusoma mawazo, na hata zulia linalopaa na chupa yenye jini, vitu ambavyo msomaji wa Alfu Lela Ulela anavijua vizuri.

Mapanga ndiyo yaliyotisha zaidi. Upanga wa kichawi ulikuwa na akili na msimamo wake. Ukiwa na tabia usiyoipenda, uliweza kukuumiza ulipoushika, au kushindana nawe hadi ukakutawala. Vingine vilikuwa na laana: ukishavishika, hamwachani kirahisi.

Mnamo 1975 aliwapeleka wachezaji katika kaburi alilolibuni kuwanyamazisha waliojigamba kwamba hakuna kinachowashinda. Mlikuwa na taji na fimbo ya kifalme. Ukigusisha taji na ncha isiyofaa ya fimbo, aliyelivaa anageuka vumbi. Kwisha habari.

Katika kitabu chake cha wasimulizi cha 1979, aliwaonya wanaogawa vifaa vya kichawi kama njugu. Mchezaji aliyepewa kila kitu leo, kesho atatafuta nini?

Nje ya meza, mambo yalikuwa na ugumu wake. Kampuni ya TSR aliianzisha 1973 na rafiki yake wa utotoni, Don Kaye, kwa mtaji mdogo sana. Kaye akafa ghafla kwa maradhi ya moyo mapema 1975. Blume na jamaa zake wakaweka pesa, na Gygax akabaki na hisa chache kuliko wao.

Arneson naye alimpeleka mahakamani 1979, akidai jina na mrabaha wake katika toleo jipya la mchezo. Wakamalizana nje ya mahakama 1981. Mwaka huohuo wa 1979 mwanafunzi mmoja alitoweka Michigan, na magazeti yakalaumu mchezo. Ilibainika baadaye kwamba haukuhusika, ila tayari baadhi ya wazazi na wahubiri walikuwa wakiuita mlango wa shetani. Uchawi wenyewe ulikuwa namba tu kwenye karatasi.

Pesa ziliingia kwa kasi. Mnamo 1983 katuni ya mchezo ikaonyeshwa kwenye televisheni ya Marekani: vijana sita wanatumbukia katika dunia ya ajabu na kila mmoja anapewa kifaa chake cha kichawi. Gygax alikuwa Hollywood akiishughulikia, huku nyumbani kampuni ikizama katika madeni.

Alirudi kuiokoa, lakini 1985 ndugu wa Blume wakauza hisa zao kwa Lorraine Williams, meneja ambaye Gygax mwenyewe alikuwa amemleta. Alikwenda mahakamani, akashindwa. Mwisho wa 1986 aliondoka, na mchezo alioubuni akauacha mikononi mwa wengine.

Aliendelea kuandika michezo mingine, japo hakuna uliofikia ule wa kwanza. Alifariki nyumbani kwake Lake Geneva Machi 4, 2008, akiwa na umri wa miaka 69. Hadi miezi ya mwisho alikuwa bado akiwakaribisha watu mezani kwake kurusha dadu.

Leo michezo ya simu imejaa mapanga ya kuokota, na kila moja lina namba za nguvu zake. Hesabu hiyo ina mizizi katika karatasi za chumba kile cha viatu. Ila mengi ya mapanga hayo siku hizi huuzwa kwa pesa taslimu, unalipa na unatembea nalo. Kwa Gygax bei ililipwa na mhusika wako, na mara nyingi uliijua ukiwa tayari umeshalishika.