Blaise Pascal na Ugawaji wa Haki

Blaise Pascal alizaliwa mjini Clermont, nchi ya Ufaransa, tarehe 19 Juni 1623. Mama yake alikufa yeye angali mdogo wa miaka mitatu. Baba yake, Étienne, aliwafundisha watoto nyumbani. Alitaka Blaise ajue kwanza Kilatini, kwa hiyo akavificha vitabu vya hesabu. Lakini mtoto alichukua kaa, akachora mistari na duara sakafuni, akatafuta kanuni zake mwenyewe. Alipokuwa na miaka 12 baba alimkuta kazini. Akastaajabu mno, akampa vitabu.

Baadaye baba alipewa kazi ya kodi mjini Rouen, akawa anahesabu usiku na mchana. Ili kumsaidia, Blaise alianza mwaka 1642 kuunda mashine ya kujumlisha na kutoa.

Mwaka 1654 bwana mmoja aliyependa kamari, Chevalier de Méré, alimletea swali: mchezo ukikatizwa kabla ya mtu kushinda, mali iliyowekwa igawanywe namna gani? Pascal akamwandikia Pierre de Fermat, mwanasheria wa Toulouse. Kila mmoja alikuwa na njia yake, na majibu yakalingana.

Tuseme wavulana wawili wa Shasha, Petro na Yohana, wanarusha kibao kisichopendelea upande. Kikionyesha weusi, Petro anapata alama moja. Kikionyesha weupe, Yohana. Kila mmoja ameweka maparachichi 8. Atakayetangulia kufika alama 3 atatwaa yote 16. Petro ana 2, Yohana ana 1. Mara mvua inatoka ziwani, wanakimbia.

Pascal hakutazama yaliyopita, bali yale yanayoweza kuja. Kibao kikirushwa mara mbili tu, mchezo umekwisha. Njia ni nne: weusi na weusi, weusi na weupe, weupe na weusi, weupe na weupe. Petro anashinda kwa tatu, Yohana kwa moja. Basi Petro apate 12, Yohana 4.

Kwa mirusho mingi Pascal alitumia pembetatu hii:

1
1 1
1 2 1
1 3 3 1
1 4 6 4 1

Kila tarakimu ya ndani ni jumla ya mbili zilizo juu yake. Uajemi na China waliijua zamani. Pascal aliitumia kugawa kwa haki. Mstari wa mwisho ni wa mirusho minne: njia zote ni 16, na weusi mara mbili una njia 6.

Mwaka 1662 Pascal alikuwa mgonjwa. Nyumbani mwake alikuwa amekaribisha jamaa maskini, na mtoto wao akashikwa na ndui. Pascal hakukubali mtoto ahamishwe. Alihama yeye, akaenda kwa dada yake Gilberte. Huko Paris alikufa tarehe 19 Agosti, mwenye miaka 39.

Maswali
1. Kwa nini baba alivificha vitabu?
2. Andika mstari wa sita wa pembetatu.
3. Petro ana alama 2, Yohana hana hata moja. Kila mmoja apate maparachichi mangapi?