Bob Marley na ukucha mweusi: saratani iliyodhaniwa kuwa jeraha la mpira

KISANGANI – Katika mtaa wa Simi-Simi, magharibi mwa mji, sura ya Bob Marley haihitaji kutambulishwa. Iko kwenye fulana za vijana, kwenye kuta za maligablo, nyuma ya toleka na pikipiki. Kisichojulikana sana ni kilichomuua. Kuna wanaosema ni bangi, kuna wanaosema ni sumu, na wapo wanaoamini kwamba alipigwa risasi jukwaani. Lakini ugonjwa uliomaliza maisha yake ulianzia mahali ambapo watu wachache hupachunguza: chini ya ukucha wa kidole gumba cha mguu wa kulia.

Robert Nesta Marley alizaliwa tarehe 6 Februari 1945 katika kijiji cha Nine Mile, kisiwani Jamaika. Mama yake, Cedella Malcolm, alikuwa msichana mweusi wa miaka 18. Baba yake, Norval Marley, alikuwa mzungu aliyemzidi mama huyo umri kwa miaka mingi sana, na hakukaa na familia. Alifariki mwaka 1955, mtoto akiwa na miaka 10 tu. Uchotara huo ulimletea Bob matusi mengi utotoni, na baada ya kifo chake ulileta maelezo ya uongo kuhusu ugonjwa wake, kama tutakavyoona.

Mama na mtoto walihamia Kingston, mji mkuu, katika mtaa maskini wa Trenchtown. Huko aliishi mwimbaji mmoja, Joe Higgs, aliyewafundisha vijana wa mtaa kuimba bila kulipwa. Aliwazoeza kupumua, kushika noti, na kupanga sauti tatu ziende pamoja bila moja kuimeza nyingine. Sauti ya Bob haikuwa nene wala ya kushtua. Ilikuwa nyembamba, kavu kidogo, lakini ilisikika wazi hata kwenye kelele. Pamoja na Peter Tosh na Bunny Livingston alianzisha kundi la Wailers mwaka 1963.

Wimbo wao wa kwanza kuvuma, Simmer Down, ulitamba Jamaika mwanzoni mwa 1964. Wazee wa Simi-Simi wanaukumbuka mwaka huo kwa jambo jingine kabisa: tarehe 24 Novemba, makomando wa Ubelgiji waliangushwa kwa miavuli kwenye uwanja wa ndege wa hapa, wakati mji ungali unaitwa Stanleyville na uko mikononi mwa Wasimba. Muziki wa Jamaika ulikuwa bado haujafika kwenye kingo za mto Kongo.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya kuhangaika. Alimwoa Rita Anderson mwaka 1966, akaenda Marekani kufanya kazi za mikono katika jimbo la Delaware, akarudi, akaingia katika imani ya Rastafari. Mwaka 1973 albamu ya Catch a Fire iliwafungulia Wailers milango ya Ulaya. Tarehe 3 Desemba 1976 watu wenye silaha walivamia nyumba yake Kingston, siku mbili kabla ya tamasha. Risasi ilimpitia kifuani na kuingia mkononi. Rita alijeruhiwa kichwani, na meneja wake aliumia vibaya. Siku mbili baadaye Bob alipanda jukwaani na bandeji yake, kisha akaondoka nchini na kuishi London.

Alipenda mpira karibu sawa na muziki. Popote alipokwenda, timu ilifuatana na bendi. Mwezi Mei 1977, akiwa Paris, alicheza mechi na waandishi wa habari wa Ufaransa, akakanyagwa. Ukucha wa kidole gumba uling'oka. Kidole hicho kilikuwa kimeshaumia siku za nyuma, kwa hiyo hakuna aliyeshtuka. Alikifunga na kuendelea na maonyesho ya albamu yake mpya, Exodus, iliyotoka mwezi Juni.

Kidonda hakikupona. Mwezi Julai, madaktari walipochukua kipande kidogo cha nyama ya kidole na kukitazama kwa hadubini, walikuta si jeraha. Ilikuwa melanoma, saratani inayotokana na chembe zinazotengeneza rangi ya ngozi. Marley alikuwa na miaka 32. Safari ya kuimba Marekani ilifutwa.

Melanoma inayofahamika zaidi ni ya wazungu waliochomwa na jua. Ndiyo maana kuna waliodai kwamba Marley aliugua kwa sababu ya damu ya baba yake. Dai hilo halina msingi. Aina iliyompata huota kwenye nyayo, viganja na chini ya kucha, mahali ambapo jua halifiki sana na ambapo hata mtu mweusi ana ngozi nyepesi. Watu weusi hupata melanoma kwa nadra, lakini wanapoipata, mara nyingi inakuwa mguuni au mkononi. Daktari Richard Reed wa Marekani aliitenga aina hiyo na kuipa jina lake mwaka 1976, mwaka mmoja tu kabla ya kidole cha Marley kupimwa. Tangu 1886, daktari wa upasuaji Mwingereza, Jonathan Hutchinson, alikuwa ameshaeleza alama yake: weusi unaotoka chini ya ukucha na kusambaa hadi kwenye ngozi inayouzunguka.

Ugumu wa kuitambua unaeleweka hata leo, hasa kwetu. Mstari wa kahawia kwenye ukucha ni jambo la kawaida kwa watu weusi, na mara nyingi hauna ubaya wowote. Damu iliyovilia baada ya kupigwa teke au kuangukiwa na tofali nayo ni nyeusi. Tofauti ni kwamba damu husogea mbele jinsi ukucha unavyokua, na mwishowe huondoka. Melanoma haiondoki. Mstari huwa mpana zaidi ya milimita 3, kingo zake hazinyooki, unaongezeka, ukucha unapasuka au kidonda kinakataa kufunga. Kidole gumba cha mkono na kile cha mguu ndivyo vinavyoshambuliwa zaidi, na ni vilevile vinavyoumia zaidi kwa anayecheza mpira pekupeku au anayekanyaga pedali za toleka akiwa na kandambili. Jibu la uhakika hutoka maabara, baada ya kukata kipande kidogo. Kutazama kwa macho hakutoshi, hata kwa daktari mwenye uzoefu.

Je, mechi ya Paris ndiyo iliyoleta saratani? Watafiti bado wanabishana kama kuumia mara kwa mara kunachangia aina hii ya melanoma. Kwa Marley, wengi wanaona kwamba teke lile halikuanzisha ugonjwa; lilifunua kilichokuwa tayari chini ya ukucha.

Madaktari walishauri kidole kikatwe. Marley alikataa. Imani yake ya Rastafari ilimfundisha kwamba mwili ubaki mzima, kama nywele zake zilivyoachwa bila kukatwa. Wanaosimulia maisha yake huongeza kwamba alifikiria pia jukwaa na mpira: angechezaje bila kidole gumba? Palitafutwa njia ya kati. Huko Miami, daktari wa upasuaji aliondoa ukucha, kitanda chake na nyama iliyoathirika, kisha akaziba pengo kwa ngozi iliyotolewa pajani. Mguu ulipona kwa nje, na watu wakaamini kwamba mambo yamekwisha.

Ni rahisi kumlaumu leo. Lakini hata kidole kingekatwa, hakuna anayeweza kuapa kwamba angepona, maana haijulikani kama mbegu za ugonjwa zilikuwa zimeshapita kwenye damu au kwenye mitoki. Kilichoonekana wazi ni kwamba miaka mitatu iliyofuata ilijaa safari, na hakukuwa na nafasi ya kukaa mbele ya daktari mara kwa mara, jambo ambalo mgonjwa wa melanoma hawezi kuliepuka.

Na ndiyo miaka ambayo Afrika inamkumbukia. Tarehe 22 Aprili 1978, Kingston, aliwapandisha jukwaani mahasimu wawili wa siasa, Michael Manley na Edward Seaga, akawashikanisha mikono mbele ya umati. Mwishoni mwa mwaka huo alifika Afrika kwa mara ya kwanza, akipitia Kenya hadi Ethiopia, ambako alitembelea Shashamane, ardhi iliyotengewa watu weusi waliotaka kurudi kutoka ng'ambo. Januari 1980 aliimba Libreville, nchini Gabon. Usiku wa tarehe 17 Aprili alikuwa uwanja wa Rufaro, Zimbabwe ikipata uhuru. Gesi ya kutoa machozi ilitupwa, wengi wakakimbia, naye akarudi kuimba. Mwezi Juni alijaza uwanja wa San Siro mjini Milan, watu wapatao 100,000.

Tarehe 21 Septemba 1980, akikimbia mazoezi katika bustani ya Central Park, New York, alianguka. Uchunguzi ulionyesha uvimbe katika ubongo. Saratani ilikuwa imeshasambaa. Siku mbili baadaye aliimba tena, Pittsburgh, katika ukumbi ulioitwa Stanley, jina ambalo wazee wa Kisangani walilizoea kwa sababu nyingine. Hilo lilikuwa onyesho lake la mwisho. Sauti yake usiku ule ilirekodiwa, na rekodi ikatolewa mwaka 2011. Anayeisikiliza bila kuambiwa tarehe hawezi kugundua kwamba ni ya mtu aliyekwisha kuambiwa habari kama ile.

Alitibiwa kwa mionzi New York. Tarehe 4 Novemba 1980 alibatizwa katika Kanisa la Othodoksi la Ethiopia. Kisha akapelekwa Ujerumani, kwa daktari Josef Issels, aliyejulikana kwa kutibu wagonjwa walioshindikana kwa mbinu ambazo madaktari wenzake wengi walizipinga. Alikaa huko miezi kadhaa katika baridi ya Bavaria, akikonda. Rasta zake zilikuwa zimekwisha kuondoka kichwani. Huko ndiko alikotimiza miaka 36.

Dawa za wakati ule hazikuwa na nguvu mbele ya melanoma iliyosambaa. Dawa ya kwanza ya kizazi kipya, inayoamsha kinga ya mwili ishambulie saratani hiyo, iliidhinishwa Marekani mwaka 2011, miaka 30 baada ya kifo chake. Na hata hizo, kwa aina ya nyayo na kucha, hufanya kazi kidogo kuliko kwa aina inayoletwa na jua.

Hadithi za sumu hazikukosekana. Iliyoenea zaidi husema kwamba majasusi wa Marekani walimpa kiatu chenye waya ndani yake. Waya unaweza kuleta kidonda au pepopunda. Hauwezi kupanda melanoma. Huku kwetu hadithi ya namna hiyo inapata masikio haraka, kwa sababu mguu usiopona huitwa mbasu, na mbasu hutafutiwa adui kabla ya kutafutiwa daktari. Miezi inapita, mgonjwa akizungushwa kutoka kwa mganga mmoja hadi kwa mwingine, na weusi unapanda.

Mwezi Mei 1981 Issels hakuwa na la kufanya zaidi. Marley alitaka kufia Jamaika. Hali ilizidi kuwa mbaya njiani na safari iliishia Miami, ambako alifariki hospitalini tarehe 11 Mei. Jamaika ilimfanyia mazishi ya kitaifa tarehe 21 Mei. Msafara ulitoka Kingston ukapanda milima hadi Nine Mile, akazikwa karibu na nyumba aliyokulia, gitaa lake likiwa pembeni.