Beryl Markham: Rubani Aliyelelewa Njoro

Msafiri anayetoka mtaa wa Free Area, mashariki mwa Nakuru, akaupita mji na kuishika barabara ya Njoro, huingia katika mashamba alikokulia mmoja wa marubani mashuhuri wa karne ya 20. Beryl Markham alizaliwa Uingereza mwaka wa 1902, akaletwa katika nchi iliyokuja kuitwa Kenya akiwa na umri wa miaka minne. Mamaye hakukaa sana. Alirejea kwao, naye binti akabaki Njoro na babaye, Charles Clutterbuck, mkufunzi wa farasi wa mashindano.

Sehemu kubwa ya malezi yake ilitoka kwa Wakalenjin wa shambani humo. Alikisema Kiswahili tangu utotoni, akajifunza kuwinda kwa mkuki, na rafiki yake wa chanda na pete alikuwa Kibii, aliyeitwa arap Ruta baada ya jando. Lakini ukoloni ulikuwa na mizani yake: walipokuwa watu wazima, mmoja akawa mwajiri na mwenziwe mwajiriwa.

Ukame ulipomfilisi Clutterbuck akaenda Peru, bintiye alibaki. Mwana wa mhunzi asiposana hufukuta. Akiwa na umri wa miaka 18 hivi, Beryl alipata leseni ya kufunza farasi.

Urubani alifunzwa Nairobi na Tom Campbell Black, aliyekuwa na mbinu ya kumwacha mwanafunzi akosee, mradi kosa lisiue. Katika kumbukumbu zake, Beryl anasimulia jinsi alivyoielekeza ndege kwenye milima ya Ngong huku upepo ushukao ukiivuta chini. Mwalimu alinyamaza hadi mwanafunzi alipotambua kwamba ndege haipandi tena, ndipo akaigeuza. Somo la namna hiyo halifutiki. Beryl alipata leseni mwaka wa 1931, na mwaka uliofuata akaruka peke yake hadi Uingereza. Baadaye alipata leseni ya biashara, akawa anasafirisha barua na abiria, na kuwatafutia wawindaji ndovu kutoka angani, kazi ambayo leo ni vigumu kuisifu.

Jioni ya Septemba 4, 1936, alipaa kutoka Abingdon, Uingereza, akielekea New York, bila redio. Kila tangi la mafuta lilipaswa kukauka kabla ya jingine kufunguliwa. Kwa hiyo injini ilizimika gizani juu ya bahari, naye akalazimika kupapasa bomba huku ndege ikishuka. Baada ya saa 20 na ushei, barafu ikiwa imeziba matundu ya hewa ya tangi la mwisho, alianguka katika kinamasi huko Nova Scotia, Kanada. Hakufika New York, lakini alikuwa mwanamke wa kwanza kuivuka Atlantiki peke yake kutoka Uingereza kuelekea magharibi bila kutua. Siku 15 baada ya safari hiyo kuanza, Campbell Black aliuawa katika ajali ya ndege uwanjani Liverpool.

Kitabu chake, West with the Night, kilitoka mwaka wa 1942, na wapo wanaodai kwamba mumewe wa tatu, Raoul Schumacher, ndiye aliyekiandika. Ubishi huo haujaisha. Beryl alirudi Kenya, akarejea kwa farasi na kushinda mara nyingi. Alifariki Nairobi mnamo Agosti 3, 1986, miaka mitatu baada ya kitabu hicho kuchapishwa upya na kupata wasomaji kiliowakosa hapo kwanza.