Askofu Peder Winstrup na Mtoto Miguuni Pake

Wiki hii tunamkumbuka Peder Winstrup, askofu wa Kilutheri ambaye mwili wake ulihifadhi habari nyingi kumhusu.

Alizaliwa Copenhagen, Denmark, mwaka 1605, naye baba yake alikuwa askofu. Alisoma Ujerumani, akawa mhubiri wa mfalme, na mwaka 1638 akawekwa kuwa askofu wa Lund. Alikaa kwenye kiti hicho miaka 41.

Yeye hakuhama, ila mpaka ndio uliohama. Mwaka 1658 Denmark ilishindwa vitani na Lund ikawa mali ya Sweden. Winstrup alibaki na kundi lake chini ya mfalme mpya, akapandishwa daraja kuwa kabaila, na akasukuma kuanzishwa kwa Chuo Kikuu cha Lund mwaka 1666.

Alifariki Desemba 1679 akiwa na miaka 74, akazikwa ndani ya kanisa kuu, mahali pa heshima. Jeneza lake lilipochunguzwa mwaka 2014, mwili ulikuwa bado haujaoza. Hakuna aliyeupaka dawa. Alikufa wakati wa baridi kali, amekonda kwa ugonjwa. Hewa kavu ilipita, na alilazwa juu ya mimea ya kunukia kama lavenda.

Mwili huo ulionyesha maisha ya mkubwa wa kanisa wa siku zile. Alikuwa na mawe kwenye mfuko wa nyongo, dalili ya chakula chenye mafuta mengi. Meno yalikuwa yameoza na mengine yameng'oka. Sukari ilikuwa anasa ya wenye nacho. Lakini goti na nyonga zilikuwa zimelika, na mapafuni kulikuwa na makovu ya kifua kikuu. Cheo hakikumkinga na maradhi ya watu wote.

Kisha picha za ndani ya jeneza zikaonyesha kitu ambacho hakuna aliyekitarajia. Chini ya miguu yake kulikuwa na kifurushi cha kitani, na ndani yake mtoto wa kiume aliyezaliwa mfu, mimba ya miezi mitano au sita. Mwaka 2021 watafiti walitangaza kwamba vipimo vya DNA vilionyesha undugu wa karibu: yaelekea alikuwa mjukuu wake, mtoto wa mwanawe aliyeacha njia ya uchungaji akasomea ujenzi wa ngome za vita.

Ziko familia kati yetu zilizopoteza mtoto kabla hajalia hata mara moja, zikaambiwa zisahau, zitapata mwingine. Aliyekiweka kifurushi kile hakuona kwamba mtoto yule si kitu. Alimfunga kitambaa safi, akamlaza na babu yake, katika kaburi la heshima kuliko yote mjini. Walilala pamoja zaidi ya miaka 300.