Maisha ya Jaji William Gaston

Uadilifu wa hakimu haujulikani anapoamua baina ya matajiri wawili. Hujulikana siku ile mnyonge asiye na mtetezi anaposimama mbele yake, na wenye nguvu wote wakitaka aangamizwe. Kwa kipimo hicho na tuyatazame maisha ya William Gaston, aliyekuwa jaji wa Mahakama ya Juu ya jimbo la North Carolina, Marekani, tangu mwaka 1833 hata alipofariki mwaka 1844.

Gaston alizaliwa katika mji wa New Bern tarehe 19 Septemba, 1778, wakati Wamarekani walipokuwa wakipigania uhuru wao. Baba yake, aliyekuwa daktari, aliuawa mwaka 1781 na watu wa upande wa mfalme wa Uingereza, mtoto akiwa hajatimiza miaka mitatu. Mama yake, Mwingereza wa madhehebu ya Katoliki, alimlea katika ucha Mungu. Mwaka 1791 Gaston akawa mwanafunzi wa kwanza wa chuo cha Georgetown. Kisha alisoma Princeton, akahitimu mwaka 1796 akiwa wa kwanza miongoni mwa wenzake, na mwaka 1798 akaanza kazi ya uwakili. Toka 1813 hata 1817 alikuwa mjumbe katika Bunge la Marekani. Na mwaka 1818 alikuwa miongoni mwa waliotunga sheria ya kuanzisha Mahakama ya Juu ya jimbo lake.

Alipochaguliwa kuwa jaji wa mahakama hiyo palitokea jambo zito. Katiba ya jimbo ya mwaka 1776 ilimnyima cheo kila aliyekana ukweli wa dini ya Kiprotestanti, na wengine wakasema kwamba Mkatoliki hafai. Gaston aliipima dhamiri yake, akaona kwamba maneno yale hayakuwafungia mlango watu wa madhehebu yake, akala kiapo.

Sheria ya utumwa aliyoikuta mahakamani ilikuwa kali. Mwaka 1829 Jaji Thomas Ruffin aliamua kwamba mtu aliyemkodi mtumwa mwanamke na kumpiga risasi alipokuwa akikimbia adhabu hana hatia, kwani mamlaka ya bwana juu ya mtumwa sharti yawe kamili. Mwaka 1834 ikaja mahakamani kesi ya mtumwa aitwaye Will. Huyu aligombania jembe, ambalo mpini wake aliutengeneza mwenyewe, na mtumwa aliyekuwa msimamizi wa wenzake akaamuru apewe mtumwa mwingine. Will akauvunja mpini, akaenda zake kazini. Nyapara akatwaa bunduki, akamfuata, akampiga risasi mgongoni alipokuwa akikimbia. Alipokamatwa, Will alimkata nyapara kwa kisu, naye akafa. Mahakama ya chini ikaamua kwamba Will aliua kwa kukusudia, kosa ambalo adhabu yake ilikuwa kifo.

Gaston, aliyeiandika hukumu, aliukataa uamuzi huo. Alieleza kwamba mtumwa naye ana maumbile ya binadamu: huogopa mauti, na hughadhibika anapotaka kuuawa. Wala bwana wala nyapara hana haki juu ya uhai wake. Kwa hiyo, aliyeua katika hali ile hakuwa na kosa la kuua kwa kukusudia, na Will akaokoka na kitanzi.

Mwaka 1835 ulifanyika mkutano wa kuirekebisha katiba, na Gaston alikuwa mmoja wa wajumbe. Kwa siku mbili alitetea kwamba imani ya mtu isiwe kizuizi cha kuitumikia nchi. Mkutano ulikubali nusu tu: neno la Kiprotestanti likabadilishwa kuwa la Kikristo, na Wayahudi wakabaki nje mpaka mwaka 1868. Mkutano huo huo uliwanyang'anya watu weusi huru haki ya kupiga kura, ijapokuwa Gaston alipinga.

Mwaka 1838, katika kesi ya mtu mweusi huru aitwaye Manuel, aliandika kwamba mtu huru aliyezaliwa katika jimbo lile ni raia wake, awe na rangi yoyote. Manuel mwenyewe hakuondolewa adhabu. Lakini mwaka 1857, Mahakama Kuu ya Marekani ilipoamua katika kesi ya Dred Scott kwamba mtu mweusi hawezi kuwa raia, Jaji Benjamin Curtis aliitumia hukumu ile kuwapinga wenzake.

Hata hivyo, ndugu msomaji, haitupasi kuificha aibu yake. Mtu huyu, ambaye mwaka 1832 aliwaambia wanafunzi wa chuo kikuu cha Chapel Hill kwamba utumwa unalirudisha nyuma jimbo lao na hauna budi kuondolewa, yeye mwenyewe alikuwa na watumwa wengi, akawamiliki mpaka siku ya kufa kwake. Tarehe 23 Januari, 1844, aliugua akiwa kazini mahakamani mjini Raleigh, akafariki usiku ule ule.

Hukumu zake zilimwokoa Will na kuwapa wengine hoja ya kushika baada yake. Lakini wale waliolima mashamba yake hawakupata kwake haki ile aliyoiandika kwa ajili ya mtumwa wa mtu mwingine. Kila mwenye kuamua mambo ya watu, awe jaji, mwalimu au baba wa nyumba, na aanze kuiuliza nafsi yake kuhusu wale walio chini ya mkono wake mwenyewe.