Siti binti Saad na usiku wa taarab uliovuka Darajani

Katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20, mtu aliyetaka kusikia taarab katika Mji Mkongwe wa Zanzibar ilimlazimu kwanza aalikwe. Muziki huo ulipigwa ndani ya kasri na katika kumbi za wenye nafasi, ukaimbwa kwa Kiarabu, na waimbaji na wapigaji wake walikuwa wanaume. Aliyeibadilisha hali hiyo hakutoka katika nyumba za mawe za Malindi wala Shangani. Alikuwa mwanamke wa Fumba, mfinyanzi na mchuuzi wa vyungu, aliyehamia mjini akiwa amekwisha kutimiza umri wa miaka 30 hivi.

Taarab yenyewe ilikuwa na umri usiozidi miongo michache Visiwani. Sultani Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, ndiye anayetajwa kuwa aliwaleta wanamuziki kutoka Misri kuja kumtumbuiza, na kisha akampeleka Mohammed bin Ibrahim Cairo akajifunze kupiga ganuni. Mwaka 1905 vijana wa mjini wakaunda klabu yao ya muziki, Nadi Ikhwani Safaa, ambayo wakazi wa Unguja wameizoea zaidi kwa jina la mtaa wake na kuiita Malindi. Klabu hiyo ilikuwa ya wanaume. Mwanamke aliyependa sauti ya udi na fidla aliisikia kwa mbali, ikipita dirishani.

Siti binti Saad alizaliwa Fumba, kusini magharibi mwa Unguja, karibu mwaka 1880. Baba yake alikuwa Mnyamwezi na mama yake Mzigua, na jina alilopewa utotoni lilikuwa Mtumwa. Utumwa ulifutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897, yeye akiwa msichana wa miaka 17 hivi, lakini sheria hiyo haikumbadilishia jina wala haikumpatia shamba. Hakupata nafasi ya kusoma. Alichokuwa nacho ni kazi ya udongo iliyokuwa ikifanywa na watu wa nyumbani kwao, na sauti.

Kwa mchuuzi wa vyungu, sauti si pambo. Kutoka Fumba hadi mjini ni mwendo wa zaidi ya kilomita 15, na mzigo wa udongo haumruhusu aliyeubeba kugonga kila mlango. Mnunuzi lazima aitwe kutoka mbali ili atoke mwenyewe. Hivyo Siti aliimba bidhaa yake njiani, na wasimulizi wa maisha yake wanakubaliana kwamba watu waliitambua sauti hiyo kabla hawajamwona mwenyewe. Mafunzo yake ya kwanza ya uimbaji yalikuwa hayo, ya kuimba huku amebeba mzigo, kwa wasikilizaji ambao hawakuwa wamekusudia kumsikiliza.

Alihamia mjini mwaka 1911. Huko ndiko alikokutana na Ali Muhsin, mmoja wa wanachama wa Ikhwani Safaa, aliyeisikia sauti yake na akaamua kumfundisha. Jambo hilo linastahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu masimulizi mengi hulipita haraka. Mwanachama wa klabu ya wanaume, iliyoimba Kiarabu kwa ajili ya waalikwa, alimpa mwanamke asiyejua kusoma, mwenye asili ya utumwa, elimu ambayo klabu yenyewe haikuwa tayari kumpa mwanamke yeyote. Siti alijifunza kwa kusikia na kukariri. Alikariri Qurani, akakariri nyimbo za Kiarabu na kujifunza kuzitamka, na akaufahamu mpangilio wa ala. Jina la Siti nalo ni la kipindi hiki cha mjini. Kwa Kiarabu ni jina la heshima, lenye maana ya bibi. Mtumwa wa Fumba akawa Siti wa Unguja.

Kundi lake lilikuwa na wanaume ambao majina yao yanastahili kutajwa pamoja na lake: Subeit bin Ambar, Budda bin Mwendo, Mwalim Shaaban, na Mbaruk Effandi Talsam aliyekuwa kipofu. Makao yao yalikuwa nyumbani kwa Siti, Ng'ambo.

Kwa msomaji ambaye hakuukuta mji wa zamani, neno Ng'ambo linahitaji maelezo. Wakati huo mkono wa bahari uliingia kutoka upande wa Funguni, jirani na Malindi, ukapita nyuma ya mji na kuutenga na eneo la mashariki. Upande mmoja zilikuwa nyumba za mawe, upande wa pili nyumba za udongo na makuti, na daraja lililounganisha pande hizo mbili ndilo lililoacha jina la Darajani. Ng'ambo waliishi wapagazi, mafundi, wavuvi, wafanyakazi wa majumbani na watu wengi walioachwa huru karibuni. Taarab haikuwa na sababu ya kuvuka daraja kuwafuata.

Ilivuka kwa sababu ya nyumba ya Siti. Mchana kundi lilikutana hapo kutunga na kupima maneno, majirani wakiingia, wakisikiliza na kutoa maoni yao juu ya beti. Usiku palikuwa na onyesho. Hapakuwa na jukwaa wala kadi ya mwaliko. Aliyefika alikaa, na aliyekosa pa kukaa alisimama. Wimbo uliimbwa kwa Kiswahili, ukazungumza mambo ambayo wasikilizaji waliyajua kwa majina: mapenzi na usaliti, ndoa zilizovunjika, wenye vyeo walioonea wasio na vyeo, kesi zilizoamuliwa mahakamani wiki iliyopita. Mtu aliyeudhuriwa na wimbo aliweza kuwa ameketi pale pale. Habari za mji zilisikika hapo kwa namna ambayo hazikusikika popote pengine, na asubuhi yake zikarudiwa sokoni na visimani.

Siti yule yule aliitwa pia kwenye kasri la Sultani Khalifa bin Harub na katika harusi za familia tajiri za Kiarabu na Kihindi. Huko aliimba nyimbo za Kiarabu pamoja na za Kiswahili, na alikuwa akiufunika uso wake kwa ukaya. Wapo waliosema kwamba aliuficha uso kwa sababu hakuwa na sura ya kupendeza. Maelezo hayo yanadharau jambo lililo wazi. Ukaya ulikuwa alama ya mwanamke mwenye staha, na kwa mtu aliyezaliwa katika tabaka ambalo wanawake wake hawakuruhusiwa kujistiri kama mabibi zao, kuuvaa mbele ya Sultani kulikuwa ni tamko linalojitosheleza.

Mafanikio yake hayakumfurahisha kila mtu. Wapinzani wake walimtungia wimbo wa kumkumbusha siku aliyoingia mjini akiwa na kaniki, wakidai kwamba angekosa chakula kama asingekuwa na sauti. Alijibu kama wanavyojibizana watu wa taarab, kwa wimbo, akaiweka akili mbele ya sura na mbele ya ukoo. Jibu lake ndilo lililobaki midomoni mwa watu. Wimbo wa wapinzani unakumbukwa leo kwa sababu tu yeye aliujibu.

Miongoni mwa nyimbo zilizotoka katika kundi hilo, hakuna unaoonyesha uzito wa mikusanyiko ile kama ule unaojulikana kwa jina la Kijiti. Wimbo unasimulia kisa cha mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam, mjamzito, aliyetolewa nyumbani usiku na mwanamume mwenye jina hilo, akanyweshwa pombe na kuuawa. Muuaji alivuka bahari na kukimbilia bara. Kesi ilifika kwa jaji, na waliofungwa wakawa mashahidi, wanawake.

Hapa inafaa kukumbuka nani alikuwa akisikiliza. Wanawake wengi wa Ng'ambo waliokaa mbele ya Siti hawakuwa na ndugu mwenye cheo, hawakujua lugha ya mahakama, na walifahamu vyema kwamba kufika mbele ya hakimu kulikuwa na hatari hata kwa aliyekuja kusema kweli. Hukumu ilikuwa imeandikwa kwa Kiingereza na kuwekwa katika majalada. Wimbo uliifungua upya kesi hiyo kwa Kiswahili, mbele ya watu, usiku baada ya usiku, ukamtaja mwuaji kwa jina lake na ukamwonyesha jaji akiwa amekasirika kitini. Haukumrudisha Kijiti kutoka bara wala haukuwatoa wafungwa gerezani. Lakini ulihakikisha kwamba katika Unguja nzima hapakuwa na mtu aliyeweza kudai kuwa hajui kilichotokea.

Mwezi Machi 1928 Siti na wenzake walisafiri kwa meli hadi Bombay, India, kurekodi kwa ajili ya kampuni ya His Master's Voice. Kwa kawaida anatajwa kuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kurekodiwa katika sahani za santuri. Safari nyingine zilifuata, na hadi mwanzoni mwa miaka ya 1930 sahani za kundi hilo zilizouzwa zilihesabiwa kwa makumi ya maelfu. Zilichezwa mikahawani na majumbani kutoka Lamu na Mombasa hadi bara, na watu waliokuwa hawajawahi kuiona Unguja wakajua namna Waunguja wanavyosema Kiswahili.

Sahani hizo ni hazina, lakini si onyesho. Upande mmoja wa sahani ya wakati ule ulichukua dakika tatu au zaidi kidogo, na wimbo ulilazimika kukatwa ili uenee. Ng'ambo wimbo ulidumu kadiri wasikilizaji walivyotaka. Mtu aliyeguswa alinyanyuka kwenda kutunza, mwimbaji akaurudia ubeti kwa ajili yake, wapigaji wakasubiri, na anayehusika na kisa akatazama chini. Hayo yote hayakusafiri kwenda Bombay. Anayesikiliza sahani leo anasikia mwimbaji hodari aliyesimama mbele ya mashine, akiwa na haraka, pasipo mtu hata mmoja wa kumwitikia.

Mwaka huo huo wa 1928 wakazi wa Ng'ambo waligoma kulipa kodi ya ardhi kwa wenye viwanja. Si sahihi kuutaja muziki kuwa chanzo cha mgomo huo. Watu waligoma kwa sababu ya kodi. Hata hivyo waliogoma na waliokuwa wakikutana usiku kusikiliza kesi zikiimbwa walikuwa watu wa mitaa ile ile, waliokwisha kuzoea kukaa pamoja na kuyasema hadharani mambo yanayowahusu.

Miaka ya 1930 ilileta mdororo wa uchumi wa dunia na biashara ya sahani ikapungua. Siti hakuacha kuimba. Umri ulikwenda, wenzake wakapungua mmoja mmoja, lakini heshima yake haikupungua. Karibu na mwisho wa maisha yake alikutana na mwandishi Shaaban Robert, aliyemhoji na baadaye akaandika Wasifu wa Siti binti Saad, kitabu ambacho ni miongoni mwa wasifu za mwanzo za mwanamke zilizoandikwa kwa Kiswahili na ambacho vizazi vya wanafunzi vimekisoma. Siti alifariki dunia tarehe 8 Julai 1950.

Mwaka 1988 Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania, TAMWA, kilipoanzisha jarida lake, kililiita Sauti ya Siti. Ikhwani Safaa, klabu ambayo zamani isingemkubali kuwa mwanachama, iliendelea na kazi yake na kutimiza miaka 100 mwaka 2005, ikiwa na wanawake miongoni mwa waimbaji wake.

Nyimbo zenyewe ziliendelea kuishi jukwaani kupitia kwa Fatuma binti Baraka, Bi Kidude, aliyejifunza kwa kumsikiliza Siti na ambaye, tofauti na mwalimu wake, aliimba akiwa na uso wazi. Bi Kidude aliimba Ulaya na Asia, akapewa tuzo ya WOMEX mwaka 2005, na akapanda mara kadhaa katika tamasha la Sauti za Busara lililoanza mwaka 2004 Mji Mkongwe. Alifariki tarehe 17 Aprili 2013. Miongoni mwa nyimbo za Siti alizoendelea kuziimba hadi uzeeni ni Kijiti.